Slaidi kama Ukumbusho: Uhakiki wa Mawasilisho ya Kiswahili katika Eneo la Djugu

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Katika miaka ya karibuni umeanza kutazama pia filamu, nyimbo za vijana na matangazo ya biashara. Hata hivyo, kuna utanzu mmoja wa usemi ambao husikika karibu kila juma katika miji ya Afrika ya Mashariki na ya Kongo, nao bado haujapata uhakiki unaoustahili. Utanzu huo ni hotuba inayosemwa mbele ya slaidi. Daktari huitumia kuwaeleza wauguzi habari za ugonjwa, bwana shamba huitumia kuwaeleza wakulima habari za mbegu, mwanafunzi huitumia kutetea tasnifu yake, na mjumbe wa shirika huitumia kuwaeleza wakimbizi haki zao. Maadamu hotuba hiyo ina mtunzi, ina hadhira, ina muundo na ina lugha, hapana sababu ya kuiacha nje ya uhakiki.

Makala haya yanaichunguza hotuba ya namna hiyo katika eneo la Djugu, jimbo la Ituri, kaskazini-mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha Djugu ni lugha ya kukutania, si lugha ya mama kwa walio wengi. Walendu, Wahema wa kaskazini ambao nao husema Kilendu, Waalur, Wanyali na wengineo hukutana katika Kiswahili sokoni, kanisani na machimboni, huku Kifaransa kikibaki lugha ya shule na ya ofisi. Pili, katika Djugu ujumbe usiofahamika hugharimu maisha. Tauni haijapata kutoweka katika nyanda za juu za Ituri. Mwaka 2020 ilizuka tena katika zoni ya afya ya Rethy. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambayo iliua watu 2,287 mashariki ya nchi, ilifika hata Tchomia. Zaidi ya hayo, mapigano yaliyoanza upya Desemba 2017 yamewahamisha watu wengi, na kuwafanya wasikilizaji wa kila namna ya hotuba ambayo hawakuiomba.

Hoja ya makala haya ni kwamba udhaifu wa mawasilisho mengi ya Kiswahili hautokani na uvivu wa watoa mada wala na uhaba wa mitambo. Unatokana na dhana potofu kuhusu slaidi yenyewe. Slaidi huchukuliwa kuwa karatasi iliyotundikwa ukutani, ilhali utamaduni wa Kiswahili cha Kongo umekwisha kuwa na dhana nyingine inayoifaa zaidi, nayo ni ukumbusho.

2.0 Chombo na asili yake

Ni vema ikumbukwe kwamba picha inayoangazwa ukutani na kusimuliwa si jambo geni katika sehemu hizi za Afrika. David Livingstone alisafiri na taa ya picha, na mwaka 1854 alimwonyesha chifu Shinte wa Balunda picha ya Ibrahimu akiwa karibu kumchinja mwanawe. Kioo kilipovutwa ili kipishe kingine, kisu kilionekana kuwaelekea watazamaji, na wanawake wakakimbia. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 za mafundisho kwa ajili ya Tanganyika na nchi jirani. Picha zilikuwa bubu; maelezo yalitiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Katika Kongo ya Wabelgiji nako mapadre walizunguka na filamu, na mara nyingi alikuwako mtu wa kusimama kando ya kitambaa na kueleza kwa lugha ya wenyeji.

Jambo moja ni bayana katika historia hiyo: picha na sauti zilikuwa vitu viwili. Picha haikubeba maneno mengi, na msemaji hakuwa msomaji wa picha. Mambo yalibadilika ilipokuja programu ya kompyuta. PowerPoint, iliyobuniwa na Robert Gaskins na wenzake katika kampuni ya Forethought, iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni. Ilikusudiwa kwa watu wa biashara, ambao walihitaji kuonyesha mambo kwa ufupi mbele ya wakubwa wao. Kwa hiyo ilikuja na umbo lake: kichwa juu, na chini yake orodha ya vitone. Umbo hilo limesafiri hadi Bunia na Djugu pamoja na programu, nalo limekuwa sheria ambayo hakuna aliyeitunga.

Hata jina la kitu hiki hugawanyika kwa mipaka. Dar es Salaam na Nairobi husema slaidi. Bunia, kwa kufuata Kifaransa, husema diapo. Makala haya yanatumia neno slaidi, lakini yanakubali kwamba katika ukumbi wa Djugu neno diapo ndilo lenye wenyewe.

3.0 Orodha na mnyororo

Chukua mfano wa wasilisho la kawaida kuhusu tauni. Vichwa vya slaidi huwa hivi: Utangulizi, Visababishi, Njia za maambukizi, Dalili, Matibabu, Kinga. Huu ni mpangilio wa kitabu cha udaktari. Una mantiki yake kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, kwa kuwa atahitaji kukumbuka ugonjwa mzima. Lakini mkulima wa Rethy au wa Linga hakutani na tauni kwa mpangilio huo. Yeye hukutana kwanza na panya waliokufa chini ya kitanda au kando ya ghala la mahindi. Baada ya siku chache mtoto hupatwa na homa kali, na mtoki huvimba kinenani au kwapani. Ikiwa ugonjwa umeingia mapafuni, mgonjwa hukohoa, na aliye karibu naye huupata kwa hewa. Wasilisho linaloweka panya aliyekufa kwenye slaidi ya tatu, na homa kwenye slaidi ya nne, na zahanati kwenye slaidi ya tano, limelikata tukio moja vipande vipande na kumwachia msikilizaji kazi ya kuviunga.

Kasoro kubwa zaidi hujitokeza kwenye slaidi ya Kinga. Aghalabu huwa na orodha ya namna hii: usafi wa nyumba, kuua panya, kuua viroboto, kuhifadhi mavuno vizuri, kutoa taarifa. Kila kitone ni kweli. Orodha nzima, hata hivyo, inaweza kuleta madhara. Kiroboto huishi kwa damu ya panya. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto huuacha na kutafuta damu nyingine. Penye tauni, mtu anayeanza kwa kuua panya kabla ya kuua viroboto hujiletea viroboto wenye ugonjwa kitandani mwake. Kwa hiyo mpangilio wa vitone viwili, kuua panya na kuua viroboto, si suala la umaridadi. Dawa ya viroboto hutangulia, panya hufuata. Vitone havisemi lipi latangulia, wala lipi ni sababu ya lipi, wala lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Huyaweka mambo yote sawasawa, kama watu waliopiga foleni bila kujuana.

Kasoro hii haikuanzia Ituri. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirejea duniani, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Chombo kilipokuwa bado angani, wahandisi walikuwa wamewasilisha kwa slaidi tathmini yao ya kipande cha povu kilicholigonga bawa wakati wa kuruka. Edward Tufte, aliyeihakiki slaidi mojawapo mwaka huohuo, alionyesha kwamba kichwa chake kiliwatuliza wasomaji, ilhali habari ya kutisha ilikuwa imewekwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa zaidi ya mara 600 kuliko vile vilivyotumiwa katika majaribio. Tume iliyochunguza ajali iliikubali hoja hiyo katika ripoti yake ya Agosti 2003. Ikiwa wahandisi waliosoma kiasi hicho, wakizungumza na wakubwa wao katika lugha yao ya kila siku, walipotezwa na daraja za vitone, si haki kumlaumu mkulima wa Djugu kwamba hakuelewa.

4.0 Nomino inayomficha mtendaji

Kasoro ya pili ni ya kiisimu. Vichwa na vitone vya mawasilisho ya Kiswahili karibu vyote ni nomino. Husomwa uhamasishaji, uzuiaji, ufuatiliaji, uwezeshaji, upatikanaji. Chanzo chake ni Kifaransa cha ofisi, ambacho hupenda kusema mambo kwa nomino dhahania. Mtafsiri huchukua kila nomino na kuitafutia mwenzake yenye kiambishi u-. Kisarufi hakuna kosa. Kimaana, mtendaji ametoweka.

Tazama kitone hiki, ambacho kilikuwa cha lazima wakati wa Ebola: ufuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa. Nani anafuatilia? Anafuatwa nani? Kwa muda gani? Kwa nia gani? Mahali ambapo watu wamezoea kufuatwa na wenye bunduki, neno kufuatilia halikosi kuwa na kivuli. Sasa tazama sentensi hii: muuguzi atakutembelea kila siku kwa siku 21. Mtendaji yupo, muda upo, na msikilizaji mwenyewe yupo ndani ya kitenzi. Neno moja, atakutembelea, lina kiima, lina njeo, lina yambwa na lina tendo. Lugha nyingi za Ulaya huhitaji maneno manne kusema hayo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kuwafundisha walioitunga programu. Michael Alley, mwalimu wa uandishi wa kisayansi nchini Marekani, ameshauri kwa muda mrefu kwamba kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili yenye dai moja, na chini yake pawekwe picha ya kulithibitisha badala ya orodha. Watu wengi huupinga ushauri huo kwa kusema kwamba sentensi ni ndefu mno kwa ukuta. Kwa Kiswahili pingamizi hilo halina nguvu kubwa. Panya akifa, kiroboto humhama: hayo ni maneno manne, nayo yana sababu na matokeo. Kiambishi -ki- hubeba sharti, na kiambishi -ka- huunga tukio kwa tukio. Panya akafa, kiroboto akamhama, akamwuma mtoto. Mnyororo ambao vitone viliukata, sarufi ya Kiswahili inao tayari. Mtoa mada anayeacha vitenzi na kushika nomino huwa ameacha chombo bora cha lugha yake nyumbani na kwenda vitani na mpini mtupu.

5.0 Dhana ya ukumbusho

Kati ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimletea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 alizozichora juu ya historia ya Zaire, kuanzia zama za kale hadi Lumumba, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu. Picha nyingi zilikuwa na maandishi mafupi ya Kifaransa juu ya kitambaa. Historia yenyewe, hata hivyo, haikuwa katika maandishi hayo. Tshibumba aliisimulia kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, picha baada ya picha, akiulizwa na kujibu. Fabian alizitoa picha na masimulizi pamoja katika kitabu cha mwaka 1996.

Mhakiki wa slaidi hana budi kusimama mbele ya kazi hiyo kwa muda mrefu. Pale pana mfululizo wa picha, pana maandishi machache, na pana mtu anayesema kwa Kiswahili mbele ya hadhira. Kwa vigezo vyote, hilo ni wasilisho, nalo lilifanywa miaka kumi na zaidi kabla ya PowerPoint. Fabian na Ilona Szombati-Fabian walionyesha, mapema mwaka 1976, kwamba wachoraji na wanunuzi wa picha za Katanga walizielewa kwa neno ukumbusho. Picha haikutundikwa sebuleni ili ipambe tu, wala ili isimulie kila kitu peke yake. Ilitundikwa ili imfanye mtazamaji akumbuke, na akikumbuka aseme. Mgeni akiingia, aliuliza, mwenyeji alijibu, kisa kikaanza.

Dhana hii hutatua mgogoro ambao vitabu vya mafunzo huuzungukia. Richard Mayer, ambaye ametafiti ujifunzaji kwa picha na sauti, amegundua kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoelezwa kwa sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja. Macho hayawezi kusoma wakati masikio yanasikiliza maneno hayohayo, kwa kuwa yote mawili hushindania akili moja. Ukumbusho hauna tatizo hilo. Hausemi kile anachosema msemaji. Humpa msemaji mahali pa kuanzia, na humpa msikilizaji mahali pa kurudi anapopotea.

Dhana ya ukumbusho pia hutoa kipimo cha uhakiki. Slaidi ikizimwa, je, hotuba inaendelea? Hapa Djugu swali hili si la nadharia, kwa kuwa jenereta huzimika. Mtoa mada ambaye hunyamaza umeme unapokatika alikuwa akisoma, hakuwa akisema. Na kinyume chake: msemaji akinyamaza, je, slaidi inaweza kusimama peke yake? Ikiwa inaweza, basi ni karatasi, na ingekuwa heri igawiwe kama karatasi. Slaidi nzuri ni ile inayoshindwa mtihani wa pili na kumwachia msemaji kuushinda wa kwanza.

Yapo mapungufu, nayo yasifichwe. Ukumbusho hutegemea mwenye kukumbuka. Wahudumu wa afya waliosikia mada Bunia hutakiwa kurudi vijijini na kuwafundisha wengine, na picha zilizonyamaza haziwezi kuwasaidia. Hii ndiyo sababu ambayo watoa mada huitoa kwa kuzijaza slaidi zao: eti zitabaki. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kuijaza slaidi. Jibu ni kuandika karatasi ya pili, yenye sentensi kamili na mpangilio kamili, ambayo mhudumu ataondoka nayo. Vitu viwili vyenye kazi mbili vikilazimishwa kuwa kimoja, vyote viwili huharibika.

6.0 Lugha ya ukutani

Mazoea ya Ituri ni kuandika slaidi kwa Kifaransa na kuzisema kwa Kiswahili. Mazoea hayo yana sababu za kueleweka. Slaidi nyingi hutoka Kinshasa au ng'ambo zikiwa tayari, na msemaji mwenyewe alisoma taaluma yake kwa Kifaransa. Matokeo yake, hata hivyo, ni ukumbi uliogawanyika. Wanaojua Kifaransa husoma na kuacha kusikiliza. Wasiokijua husikiliza huku wakishuku kwamba ukutani pameandikwa jambo wasiloambiwa. Katika nchi iliyojeruhiwa na uvumi, shaka hiyo si ndogo.

Kuhamia Kiswahili hakumalizi suala, kwa kuwa huibuka swali la Kiswahili kipi. Kiswahili cha Bunia, ambacho Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekichambua, si kile cha vitabu vya Dar es Salaam. Mtu wa Djugu husema mugonjwa iko na homa, mahali ambapo sanifu husema mgonjwa ana homa. Na penye -ki- ya sharti, yeye huelekea kusema kama panya anakufa. Wako wanaotaka slaidi ziandikwe kwa lugha hiyo ya mtaani, na wako wanaoiona kuwa ni kuwadharau watu. Makala haya yanaona kwamba pande zote mbili zinasema kweli kwa sehemu. Watu wa Ituri husoma Biblia na husikiliza redio kwa Kiswahili kinachokaribia sanifu, na hutarajia maandishi yawe na heshima hiyo. Lakini hawatarajii kusemeshwa hivyo kwa nusu saa. Basi sentensi moja ya ukutani iwe sanifu nyepesi, isiyo na msamiati wa kamusi; na hotuba yenyewe iwe katika Kiswahili ambacho watu huulizia maswali yao. Ukumbusho huruhusu mgawanyo huo, kwa kuwa haulazimishi ukuta na mdomo viseme maneno mamoja.

Shirika la Translators without Borders, lililochunguza mawasiliano ya Ebola mashariki ya Kongo mwaka 2019, lilieleza kwamba watu walitaka maelezo ya kina zaidi ya yale waliyopewa. Jambo hili lawapasa kulitafakari wale wanaodhani kwamba kurahisisha ni kupunguza. Maneno machache ukutani hayamaanishi maelezo machache ukumbini. Yanamaanisha kwamba muda wa maelezo umepatikana.

Kuna pia suala la mkalimani. Katika vijiji vingi vya Djugu hotuba ya Kiswahili hutafsiriwa kwa Kilendu au kwa Kialur, na wakati wa msemaji hukatwa nusu. Kanuni iliyoenezwa na Guy Kawasaki, ya slaidi 10, dakika 20 na herufi za ukubwa wa pointi 30, ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wanaotafuta mtaji huko Marekani. Ni kanuni nzuri kwa hadhira yake. Penye mkalimani, dakika 20 ni dakika 10, na slaidi 10 ni nyingi mno. Isitoshe, mkalimani ni mtunzi mwenza. Asipoonyeshwa picha mapema, atatafsiri maneno na kukiacha kisa.

7.0 Picha nayo husema

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii huaminiwa kupita kiasi na watoa mada. Mwaka 1962 Marshall McLuhan alieneza kisa alichokitoa John Wilson wa Chuo Kikuu cha London: wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa filamu ya usafi, ya taratibu kabisa, na walipoulizwa walichokiona wakajibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba kuna kuku. Walimkuta baadaye, akipita pembeni kwa nukta moja. Kisa hicho kimetumika kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kusoma picha. Chaweza kusomwa kwa namna nyingine. Kuku alikuwa kitu pekee katika picha ile kilichotenda jambo ambalo watazamaji walilijua na kulijali. Waliona vizuri sana. Ni mpiga picha ambaye hakuona.

Funzo lake kwa slaidi ya tauni ni la moja kwa moja. Kiroboto aliyekuzwa hadi kuwa mkubwa kama mbuzi ni mdudu mwingine, si yule anayejikunia mtu usiku. Mtoa mada anayetaka kumkuza ampe mtazamaji kipimo: kwanza panya sakafuni, kisha panya mkononi, kisha kiroboto juu ya unyoya, kisha kiroboto peke yake. Huko ni kusimulia kwa macho, na ni kazi ya slaidi nne ambazo hazihitaji neno lolote lililoandikwa.

Lakini Djugu ina jambo zito kuliko hilo. Vita vya 1999 hadi 2003, na vile vilivyofuata, vimeviachia vitu vya kawaida maana zisizo za kawaida. Ng'ombe si ng'ombe tu, wala jembe si jembe tu. Huweza kusomwa kama alama ya Mhema na ya Mlendu, hata pale ambapo maisha halisi hayafuati mgawanyo huo. Mtoa mada kutoka mbali anayechukua picha ya nyumba chafu yenye panya, na pembeni yake pakawa na zizi, amekwisha kuwatukana nusu ya wasikilizaji kabla hajafungua mdomo. Anayeweka picha ya kambi bila kufikiri amewaambia watu wa kambi kwamba wao ndio ugonjwa. Makosa haya hayasahihishwi kwa kununua projekta bora. Husahihishwa kwa kumwonyesha picha mtu wa mahali pale, na kumwuliza swali moja: je, huyu ni nani?

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba slaidi ya Kiswahili ina matatizo matatu yaliyofungamana: orodha inayokata mnyororo wa sababu, nomino inayomficha mtendaji, na picha inayodhaniwa kujisemea. Yameonyesha pia kwamba tiba haihitaji kuagizwa. Ipo katika vitenzi vya lugha yenyewe, na katika dhana ya ukumbusho ambayo mchoraji wa Lubumbashi aliitekeleza bila kompyuta.

Kwa upande wa maandalizi, matokeo ya hoja hii ni kwamba kazi isianzie kwenye kompyuta. Mtoa mada aanze kwa kuamua jambo moja ambalo msikilizaji atalifanya akifika nyumbani: atawaua viroboto kwanza, au atampeleka mtoto zahanati siku hiyohiyo ya homa. Kisha aisimulie mada yake yote kwa mdomo, mbele ya mtu mmoja asiye wa taaluma yake, bila slaidi yoyote. Mahali ambapo maneno yatashindwa na mkono utaanza kuchora hewani, hapo ndipo panapohitaji slaidi. Pengine patakuwa mahali pengi, pengine patakuwa mahali pawili. Kila mahali pawekewe picha moja na sentensi moja yenye kitenzi. Yaliyobaki yaandikwe kwenye karatasi ya kuondoka nayo.

Yabakia mengi ya kuchunguzwa, hususan namna wakalimani wa Kilendu na Kialur wanavyoziunda upya hotuba hizi, kwa kuwa huenda mtunzi wa kweli wa mawasilisho ya Djugu ni mkalimani. Idara za Kiswahili, ambazo huwafundisha wanafunzi kuchambua muundo na mtindo wa tamthilia, zina zana zote za kuchambua pia muundo na mtindo wa hotuba inayoamua iwapo mtu atampeleka mwanawe zahanati leo au keshokutwa. Kwa mgonjwa wa tauni ya mapafu, keshokutwa ni kuchelewa.